Bambo la Kaka Teodori

Majengo, Sumbawanga
Jumapili jioni

Kwako kaka Teodori,

Shikamoo kaka. Habari za Muze na joto lake? Huku tu wazima, ila baridi ya mwezi wa saba imetuandama. Mama haachi blanketi hata akiwa dukani. Miguu yake haijambo. Anauliza kama unalala ndani ya chandarua, na mimi nauliza kama umepata mpunga au mbu tu.

Ningekupigia simu, lakini nakujua. Ningefika kwenye jambo lenyewe, ungesema kuna mteja ukakata. Barua huwezi kuikata, ndiyo maana nampa Vicent anayeshuka huko na lori kesho.

Kaka, tumeshinda! Mimi na wenzangu wa chuo pale Mbeya, Abeli na Sharon, tunakwenda mashindano ya taifa ya kuandika programu. Unakumbuka mwaka jana nilivyorudi nimenuna? Uliniuliza, nikasema hutaelewa. Basi ngoja nikueleze. Unapewa swali pamoja na mifano miwili mitatu ya majibu. Unaandika programu, unaituma, na kompyuta ya waamuzi inaijaribu kwa mifano mingine waliyoificha. Ukikosea, unapigwa adhabu ya muda. Mwaka jana tuliamini ile mifano ya juu juu, tukatuma mbio mbio, tukatolewa.

Likizo ile ile nilikutazama ukinunua maharage. Muuzaji alifungua mdomo wa gunia, maharage yanang'aa, naye anaapa kwa watakatifu wote. Ukacheka naye, ukalilaza gunia ubavu, ukachoma bambo, kile chuma chako chenye mfereji, chini kwenye pembe. Yakatoka mawe na maharage yaliyotobolewa. Niliporudi chuoni nikatengeneza programu yangu ya kujaribia nyingine, nikaiita Bambo. Haina picha wala vitufe. Unaandika jina lake kwenye lile dirisha jeusi la maandishi, basi. Inaanza na mifano ya swali, kisha inatunga yake yenyewe, midogo na ya ajabu ajabu, na kulinganisha majibu na ya programu nyingine inayojikongoja lakini haikosei.

Siku ya mashindano, kwenye swali la mwisho, mifano yote ilikubali. Abeli alikuwa ameshanyoosha kidole atume, nikamzuia. Akalalamika kwamba muda unakwisha na mimi naleta mambo ya sokoni. Bambo ikaonyesha kosa: tukipewa orodha yenye namba moja tu, programu yetu inaanguka. Tukarekebisha, tukatuma, ikapita. Abeli alinikumbatia mpaka miwani yangu ikadondoka. Asante, kaka. Asante sana.

Sasa jambo lenyewe. Kati ya wasimamizi alikuwepo mwalimu Gaudiosa, aliyekufundisha hesabu kidato cha nne. Aliposikia jina la ukoo wetu akauliza ulimalizia chuo gani. Nikamwambia, huku nacheka, kwamba wewe ulifeli. Hakucheka. Alisema ulichaguliwa kwenda kidato cha tano, tena mchepuo wa hesabu, na ni yeye aliyekuletea habari hapo dukani, muda mfupi baada ya kumzika baba. Ulimwomba asimwambie mama, kwamba utamwambia mwenyewe.

Kaka, miaka yote hii unajiita kilaza mbele za watu, na mimi nakuitikia! Nililia pale pale, Sharon akadhani tumenyang'anywa ushindi. Kama ungekwenda shule, nani angebaki na duka, na mimi ningesomeshwa na nani? Sikuwahi hata kujiuliza. Nakushukuru mpaka maneno yananiishia, na bado natamani kukupiga.

Dominika wa jirani anakusalimu, tena kwa sauti nzuri kuliko anayotusalimia sisi. Wape salamu zetu wote wanaokupikia huko, na Mungu akupandishe mlima salama.

Mama sijamwambia. Kila jioni kwenye sala bado anakuombea Mungu akusamehe uvivu wako wa shule. Rudi umwambie mwenyewe, kaka. Nitakaa katikati yenu.

Mdogo wako akupendaye,
Coleta