Majina Nyuma ya Mlango wa Choo

Edmonton, London
Tarehe 22 Februari

Kwa Bibi yangu mpendwa, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo Bibi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepungua maumivu, na yule ng'ombe wako Kidoti ameacha tabia ya kupiga ndoo teke. Mimi mumeo mdogo ni mzima wa afya, ila baridi ya huku inanitafuna masikio, na zile soksi ulizonifumia zimebaki moja na nusu. Barua yako niliipata wiki iliyopita. Umeniuliza kama ninakula na kama nimeoa mwingine. Ninakula vizuri. Mke mwenza sijakuletea bado, usinoe panga.

Sasa Bibi, kabla hujaendelea, vaa miwani na usome mwenyewe. Usimpe Mzee Shekilindi akusomee barazani kwa ile sauti yake ya kanisani. Kuna jambo ni lazima ulijue kabla hujapanda ndege mwezi wa nne kwenda kwetu Utrecht, Uholanzi. Nikinyamaza utalikuta mwenyewe, na ukilikuta mwenyewe naogopa utageuza na kurudi Lushoto hata begi hujafungua. Lakini siwezi kuanza na hilo, sina ujasiri huo. Acha nianze na habari za London.

Ninaishi kaskazini mwa jiji, kwa Mama Njeri, mama wa Kikenya anayefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Siku mbili za kwanza alinipikia chapati na kuniita mgeni wetu. Siku ya tatu alinikabidhi zamu ya mapipa ya taka na kuosha bafu, maana jembe huku hakuna. Ana binti mmoja, Njeri, wa miaka kumi na mitano, ambaye akisemeshwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza. Mimi nikimsemesha anashika mbavu kwa kicheko, anasema haiwezekani Mholanzi amzidi Kiswahili. Nimemwambia nilifundishwa kwa mwaka mmoja na mke wangu wa Lushoto, aliyekuwa akininyima uji mpaka niuombe kwa sentensi kamili.

Asubuhi nachukua treni kwenda chuoni Stratford, ninakosomea mipango ya miji. Kila mtu akisikia natoka Uholanzi ananiuliza baiskeli yangu iko wapi. Nawajibu kwamba bibi yangu aliniona nikiiendesha nikaishia katikati ya mahindi yake, na tangu siku hiyo napanda treni.

Watu wa hapa ni wema, Bibi, ila wema wao unahitaji mkalimani. Mwanafunzi mwenzangu Tom, Mwingereza, aliniambia wiki ya kwanza kwamba lazima tunywe kahawa siku moja. Nikatoa kitabu changu cha miadi nikamwuliza siku gani na saa ngapi, kwa sababu kwetu mtu akisema hivyo anamaanisha. Masikini Tom alibadilika rangi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ile ilikuwa namna ya kuniaga tu. Hata hivyo tulikunywa, Alhamisi saa kumi, na akaniambia yeye ana miaka mitatu London na mimi ndiye mtu wa kwanza kumwuliza siku gani.

Kwa Mama Njeri ni kinyume chake. Hakuna miadi. Mtu anabisha hodi, anaingia, anafunua sufuria, anauliza kama kuna chumvi ya kutosha. Nilipofika nilikuwa nakimbilia chumbani kwangu kwa sababu sikuwa nimepangiwa kukutana na mtu. Siku hizi nikisikia hodi naweka maji ya chai jikoni mwenyewe.

Basi, sikiliza yaliyonipata. Kila Jumamosi mchana kikundi cha maombi cha Mama Njeri hukutana sebuleni. Ni wanawake tisa, wengi wauguzi na watunza wazee kama yeye. Mkubwa wao ni Mama Jane, Jane likiwa jina lake mwenyewe wala si la mtoto, mjane, mrefu, akikohoa hata redio inanyamaza. Mwezi wa kwanza nilipita kati yao na daftari, nikamwuliza kila mmoja jina lake kamili na tarehe yake ya kuzaliwa. Walinijibu kwa furaha, wakidhani ni kazi ya chuo. Mama Jane peke yake aliniuliza ya nini, nikamjibu kwamba atajua.

Sasa ni lazima nikueleze mila moja ya watu wa Baba. Uholanzi, karibu kila nyumba ina kalenda ya siku za kuzaliwa. Haina Jumatatu wala Jumapili, ina tarehe tu, hivyo inatumika miaka yote. Ndani yake huandikwa kila mtu ambaye nyumba hiyo inampenda. Na kalenda hiyo, Bibi, hutundikwa chooni, nyuma ya mlango, usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Usiniulize nani alianza. Nilipohama nyumbani Baba alinipa ya kwangu kama vile mzee wa Lushoto anavyompa kijana jembe lake la kwanza. Mimi nikaona kwa Mama Njeri nimekuwa mtu wa nyumbani sasa, nikajaza majina yote, ya kwake, ya Njeri na ya wale mama, nikagonga msumari nikaitundika Ijumaa jioni wakati mwenye nyumba yuko kazini kwa zamu ya mpaka Jumamosi mchana. Nilikusudia iwe zawadi.

Jumamosi mimi nilikuwa jikoni nikioka keki ya matufaha. Mama mmoja akaomba kwenda msalani. Alikaa kidogo, akarudi akamnong'oneza mwenzake. Akaenda wa pili. Akaenda wa tatu, huyo hata maji sikusikia akivuta. Mara maombi yakapanda moto ambao sijawahi kuusikia katika nyumba ile. Nikasikia miguu kwenye korido, nikasikia mtu akiagiza mlango wa choo upakwe mafuta ya upako, nikasikia mtu akiamriwa ashindwe, ashindwe kabisa, yeye na daftari lake. Bibi, mwenye daftari katika nyumba ile ni mmoja tu. Nilishika kijiko kama mtu aliyeshika ngao.

Njeri aliingia jikoni mbio akaninong'oneza, kwa Kiingereza kama kawaida, kwamba wanasema nimechukua majina yao na siku walizozaliwa nikayapeleka chooni ili mambo yao yaharibike. Mmoja wao visa yake imekwama tangu Desemba, na sasa wamejua sababu. Mama Jane alikuwa ameshamshauri Mama Njeri kwamba chumba changu kiwe wazi kabla ya Ijumaa.

Nikaitwa sebuleni. Nakuambia Bibi, nilitamani sakafu ipasuke. Mama Njeri hakunitazama, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu yule mama amenichemshia tangawizi nilipougua, na ndiye niliyetaka kumfurahisha. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa amenikosea nini. Nikasema ukweli ulivyo. Nikawaambia kwamba sisi ni watu wa kusahau. Babu yangu wa Uholanzi yuko kwenye nyumba ya wazee, na tunamtembelea Jumapili saa tisa kwa sababu imeandikwa, isingeandikwa pengine tungesahau. Tunajijua hivyo, ndiyo maana tunawaweka watu wetu mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kukwepa kupita, hata awe na haraka vipi. Kila siku lazima uende, na ukienda lazima uwasome.

Mama mmoja akasema ati hata kama ni hivyo, jikoni pia watu wanapita kila siku.

Hapo ndipo kengele ya oveni ikalia. Nikaomba ruhusa keki isiungue, nikaenda, nikarudi nayo mikononi ikiwa bado inafuka. Nilikuwa nimepanga vipande vya unga uliokandwa juu yake visomeke JANE, kwa sababu tarehe ya siku ile ndiyo aliyozaliwa. Ndilo jambo la kwanza nililosoma asubuhi ile, mahali unapopajua. Nikamwekea mbele yake nikampa hongera. Halafu, kwa woga, nikafanya kama tulivyofunzwa kwetu, ambako siku ya kuzaliwa ya mtu mmoja hupongezwa watu wote waliomo chumbani. Nikamshika mkono kila mama kwa zamu, nikimpa hongera kwa kuzaliwa kwa Jane. Nilipofika kwa wa tano, yule mwenye visa iliyokwama alishindwa kujizuia, akaangua kicheko, na wenzake wakamfuata mpaka mmoja akateleza kwenye kochi.

Mama Jane hakucheka. Alitazama jina lake, akavua miwani akaifuta, akasema kwamba tangu mumewe afariki hakuna mtu aliyemkumbuka siku hiyo. Ana watoto wawili wazima, mmoja yuko Leeds na mwingine Bristol. Wale wenzake, ambao wameomba naye miaka kumi na moja, wakatazamana. Hakuna aliyekuwa anaijua tarehe yake. Mimi nilikuwa nimezoea kuwasikia wakisema kwamba anayependa hahitaji kuandika, na kwetu tunasema anayependa huandika. Siku ile niliona mtu anaweza kusahauliwa na pande zote mbili.

Mama Njeri alivaa glavu za mpira, akaishusha kalenda, akaipangusa kwa dawa mara tatu, akaitundika jikoni kando ya friji. Mama Jane, aliyetaka nihame kabla ya Ijumaa, akaniomba kalamu, akaandika majina ya watoto wake wawili, akasema angalau jikoni mwa watu pawepo mtu wa kuwataja. Kisha akanikatia mimi kipande kikubwa kuliko cha mwenyewe. Chumba changu kipo, nimebaki, na zamu ya mapipa nimeongezewa wiki mbili kama adhabu.

Sasa Bibi, umeshaanza kukisia. Wewe uliyekula chumvi nyingi huwezi kuwa hujakisia.

Nyumbani kwetu Utrecht kuna choo kidogo chini ya ngazi. Nyuma ya mlango wake ipo kalenda, na jina lako limo. Limo tangu mimi nizaliwe, miaka ishirini na moja. Mama amekuficha miaka yote hiyo. Mwezi huu yeye na Baba walinipigia simu, akatusihi tuiondoe kabla hujafika, akasema akijua mama yangu jina lake liko huko nitaanzia wapi. Baba alikataa, akasema mgeni hafichwi nyumba anamolala. Unajua alivyo, hata mapazia hafungi. Wamebishana wiki nzima. Nami nikaona mficha uchi hazai, afadhali usikie kutoka kwangu, kwa sababu mimi tayari nimeshaombewa.

Lakini nataka ujue jinsi lilivyoandikwa. Kalenda inataka tarehe, na wewe hukuwa nayo. Ulimwambia Mama kwamba ulizaliwa mwaka wa nzige, wakati wa palizi, basi. Ile Julai mosi iliyomo kwenye karatasi zako za serikali Mama aliikataa, akasema ni tarehe ya ofisi, si ya mama yake. Akakaa mezani akalia, kwa sababu hakuwa na mahali pa kukuweka. Ndipo Baba akachukua kalamu akakuandika tarehe tisa Novemba, siku yangu, akasema hatujui ulizaliwa lini lakini tunajua siku uliyokuwa bibi. Hivyo tuko tarehe moja, jina lako kwanza na langu chini yake. Kila mwaka keki yangu huwa na kipande chako. Nilipokuwa mdogo nilidhani unakuja usiku kukila. Kumbe ni Baba, anakila asubuhi na kahawa. Mdai yeye.

Nilijifunza kusoma kwa jina lako, Bibi. Nilikuwa na miaka minne, miguu haifiki chini, nimeketi pale namsubiri Mama aje kunisaidia, na herufi zilizokuwa mbele ya macho yangu zilikuwa zako. Kabla sijaiona sura yako nilikuwa nakutaja kila asubuhi.

Uamuzi nakuachia wewe. Ukisema ihamishwe, Baba ameshagonga msumari jikoni, unasubiri neno lako. Ukiniona nimekosa adabu, nitapiga magoti uwanja wa ndege mbele ya watu wote. Naomba jambo moja tu, jina lihamishwe lakini lisifutwe, kwa sababu nikifika tarehe tisa Novemba nisikuone juu yangu sitajua nimezaliwa na nani.

Msalimie shangazi, Mzee Shekilindi na watu wote wa kwaya. Mama Njeri anakusalimu, ameniomba tarehe yako na sasa umo jikoni kwake pia. Mama Jane anakuombea safari njema kila Jumamosi, kwa sauti, majirani wote wa Edmonton wanajua unakuja. Chukua sweta mbili.

Ni mimi mumeo mdogo, wa mstari wa chini,

Jules