Jina Lako kwa Kijapani

Doonside, Sydney

Mjukuu wangu Gladys,

Salamu nyingi zikufikie huko Osaka. Sisi tu wazima. Mama yako yuko shifti, mjomba wako amepeleka lori bandarini Port Botany, nami situlii. Kila treni ikipita nainuka kwenda dirishani.

Unauliza kama uwakatalie wanaokuita "Guradisu". Ujanani nilikuwa kibarua kwenye ujenzi wa daraja. Mhandisi wetu, Mjapani, aliniandikia jina kwenye helmeti kwa herufi za kwao.

"Kila alama ni silabi nzima," alinieleza, "kama ba, be, bi zenu." Kisha akasoma: "Fesutasu."

Wenzangu wakacheka. Nikamwambia, "Mimi ni Festus."

"Ndiyo, Fesutasu," akajibu kwa heshima.

Siku hizo jina hilo lilinikera kama kokoto kwenye kiatu. Asubuhi moja, nikiwa nimeinama kufunga nyaya, nikasikia "Fesutasu!" kwa sauti ya hofu. Niliruka kabla sijafikiri. Boriti ikaanguka palepale nilipokuwa. Mhandisi alinijia mbio, akanishika mabega, akawa analirudia jina. Hapo nikamkumbuka mama yangu kule nyumbani. Tangu utotoni aliniita Fesitasi, wala sikuwahi kumsahihisha.

Kuwakatalia au kuwaacha, hilo ni lako. Ila nipigie simu leo uniambie ni nani anayekuita hivyo, na anakuita kwa sauti gani.

Babu yako akupendaye,
Festus