Msuko wa Tatu

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa dukani, nimekalia robota la vitenge ambalo hata kulifungua sijalifungua, na simu nimeilaza kifudifudi mezani ili nisiione ikiwaka. Ni saa nne asubuhi. Kariakoo imeshachangamka, spika za wauza nguo zinashindana kupiga kelele kama kawaida yao, na mimi sina raha. Tangu nifungue duka nimekunja na kukunjua kitenge kile kile mara nne.

Bi Somoe amenipigia. Shoga yako Somoe, mliyeosha naye maiti za wanawake wa Ilala na Gerezani tangu mimi sijazaliwa. Kuna mwanamke amefariki alfajiri kule Gerezani, nyuma ya gereji. Josho ni saa saba, maziko baada ya alasiri. "Niko peke yangu," akaniambia, "na magoti yangu unayajua. Kumgeuza mtu siwezi tena. Njoo, mwanangu." Nikamjibu, "Nitakujulisha, Bi Somoe." Akasema, "Haya," akakata simu.

Hii ni mara ya tatu. Mara ya kwanza nilimwambia nasubiri mzigo utoke bandarini. Mara ya pili nilimwambia nina mteja wa kutoka Lubumbashi, na kweli nilikuwa naye, ila alikuwa ameshalipa na anakunywa soda yake. Leo uongo haukuja haraka, ndiyo maana nikasema nitamjulisha. Wewe unanijua mdomo wangu. Mtu akija kuniangushia bei ya kitenge namjibu kabla hajamaliza sentensi, lakini bibi mzima ananiomba nikamsaidie kazi ya Mungu nabaki natafuta maneno.

Na siwezi kusema sijui. Ulinifundisha wewe mwenyewe. Nilikuwa darasa la sita, likizo, mchana wa jua kali, uani kwetu Ilala. Ulikuwa umetoka kuchukua bafta nyeupe ya sanda, ukatandika jamvi, ukasema, "Lala chali, nyoosha miguu, nikuonyeshe sanda inavyopimwa." Ukaanza kunipima kwa shibiri kuanzia utosini. Ulipofika mbavuni nikatekenyeka, nikacheka. "Maiti hacheki, wewe," ukasema. Halafu ukacheka mwenyewe mpaka ukakaa chini. Ukanionyesha kanzu isiyotiwa sindano, na mtandio wa kichwani, na kamba za kufungia zinavyochanwa kwenye pindo la kitambaa hicho hicho. Mwisho ukaniinua, ukanisuka nywele kama anavyosukwa mwanamke wakati wa josho: misuko mitatu, miwili ya pembeni na mmoja wa katikati, yote inalala kisogoni. "Hatumpeleki mwanamke kwa Mola wake kichwa timtim," ukaniambia. Jioni ile nilienda madrasa na misuko yangu mitatu, natamba. Bi Somoe alikutana nami njiani, akashika mdomo, akanirudisha nyumbani nikafumuliwe, huku akikugombeza wewe toka mlangoni. Ulikuwa unacheka bado.

Nilipokuwa mtu mzima na duka langu, ukaanza kuniambia nije nishike, nisiishie kutazama. Nikakuletea elimu yangu ya madrasa. Nilikuambia kuosha maiti ni fardhi kifaya, wachache wakishaifanya sisi wengine tumeondokewa na dhambi. Niliona nimekupatia kweli. Ulikuwa unachambua mchele, hukuinua hata uso. "Hao wachache ni mimi na Somoe," ukasema. "Siku tukiondoka sisi, utawataja akina nani?" Nikasema wapo tu, watu hawakosekani. "Wapo, sawa. Nitajie majina." Ukaendelea kuchambua mchele wako.

Kilichokuwa kinanichosha zaidi ni swali lako la asubuhi. Ukishaswali alfajiri unamimina chai, unaniangalia, unasema, "Umeamka. Wangapi jana walilala hawakuamka? Sasa wewe Mungu amekuamshia nini leo?" Nakujibu kwa jeuri, "Kuuza vitenge." Unanisogezea kikombe. "Na kingine?" Ilikuwa inanikera hiyo "na kingine", mama, nakwambia ukweli. Nilitamani siku moja usahau kuiuliza. Sasa nakunywa chai peke yangu, na kila nikimimina naisikia. Nauza, nafunga, nalala, naamka, wiki imekatika, na cha kukujibu sina.

Nilidhani Mungu akimwita mtu, kwanza moyo wake unatulia. Yaani unaamka siku moja unajisikia uko tayari, mwepesi, hofu imekwisha, ndipo unaenda. Nimekuwa naisubiri siku hiyo tangu uondoke. Nimeweka nia Ramadhani nzima. Badala ya kutulia moyo umezidi kunienda mbio, na simu ya Bi Somoe ikiita naiona kama inaniita jina langu na la baba yangu.

Acha nikuambie nisichowahi kumwambia mtu. Siku yako. Waliokuja kutupa pole wote walinisifia, eti mtoto huyu jasiri, hajatikisika. Nilisimamia turubai likafungwa. Nilihesabu viti na sahani. Niligombana na mwenye tangi la maji kwa sababu alichelewa. Nilikuwa nazunguka nyumba nzima isipokuwa uani, maana uani walikuwa wametundika kanga, na nyuma ya kanga ulikuwepo wewe. Bi Somoe aliniita, "Ingia, kitinda mimba. Mama yako anakungoja." Nikaenda. Nikaishika ile kanga. Nikasikia maji yanamiminwa. Nikaiachia, nikarudi kwa wapishi kuuliza kama chumvi ya pilau inatosha. Nilikuwa naogopa nikikuona vile, nitakusahau ulivyokuwa ukicheka kwenye jamvi. Hiyo ndiyo sababu, mama, na haijanisaidia, kwa sababu sasa nikikukumbuka naiona ile kanga tu.

Neema amekuja kunikatiza. Humjui huyu, amekuja baada yako, ni Mngoni, Mkristo, anauza madera duka la pili. Amesimama mlangoni kwangu na mikono kiunoni. "Dada, leo una nini? Wateja wawili wamekuita, huitiki." Nimemwambia kichwa kinaniuma. Ameniangalia, akaiangalia simu ilivyolala kifudifudi. "Huko unakotakiwa uende, nenda. Duka nitakuangalizia," amesema, akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa. Sijamwambia neno lolote kuhusu Gerezani. Wangoni sijui wanalishwa nini.

Nimempigia Bi Somoe. Nimesema, "Nakuja." Nilitegemea atanishukuru, au atanisema kidogo. Amesema tu, "Pitia kwa Kanti uchukue bafta, ya hapa haitoshi."

Naiweka kalamu.

*

Naendelea, mama. Ni jua la jioni, nimerudi dukani kufunga, na kanzu yangu bado inanuka karafuu maiti.

Nilipita kwa Kanti, yule Mhindu wa bafta uliyemzoea, ambaye wewe na baba yake mlikuwa mkisalimiana kwa kuulizana magonjwa. Unajua Kariakoo hakuna kitu kisichopatanwa bei, hata sindano watu wanaipigia kelele. Nilitaja mita ninazotaka, nikatoa hela, na yeye alipoona sipatani akajua ni sanda. Akapima, akaongeza kipande bila kusema, kama alivyokuwa anakufanyia wewe. "Pole, dada. Ya nani?" Nikasema simjui, mtu wa Gerezani. "Mama yako naye hakuwa anawajua," akasema, akanifungia.

Nilienda kwa miguu. Miguu yenyewe ilikuwa inataka kugeuka. Kwenye njia ya mwendokasi nilisimama muda mrefu kuliko magari yalivyonilazimu, watu wakanipita, mmoja akaniuliza, "Dada, unavuka au huvuki?" Nikavuka. Uani kwa marehemu walikuwa wametundika kanga vile vile, na mimi nikaishika vile vile. Safari hii niliivuta upande mmoja nikaingia haraka, kabla sijaanza kufikiri.

Mengine siandiki. Ulinikataza, ulisema kinachoonekana mle kinabaki mle, ni amana ya mtu. Nitakuambia yangu tu. Maji ya kwanza niliyamwagia miguu yangu. Bi Somoe akasema taratibu, "Anza upande wa kulia." Nikaanza. Nikasema bismillahi, nikasikia sauti yangu inafanana na yako, na mikono ikaanza kujua kazi kuliko mimi. Ile hofu niliyoibeba mwaka mzima na zaidi sikuikuta mle ndani. Nilimkuta mama wa watu, amelala, anahitaji kugeuzwa na mtu mwenye magoti mazima.

Tulipofika kwenye nywele Bi Somoe akaniachia kitana. Nikasuka wa kwanza. Nikiwa kwenye wa pili akasema, bila kuniangalia, "Mama yako nilimsuka miwili."

Nikaacha kusuka.

"Wa tatu nikauacha. Nikasema kitinda mimba atakuja, ameogopa tu, atakuja. Nimeshika nywele zake mkononi, nakungoja, mpaka wakaja kusema jeneza liko tayari. Basi nikamalizia mimi."

Hakulisema kwa hasira, mama. Angelisema kwa hasira ningejua la kufanya, ningejitetea. Alilisema tu kama mtu anayerudisha kitu alichokitunza muda mrefu. Nililia. Nililia na kitana mkononi, nikageuza uso pembeni ili chozi lisimdondokee marehemu, maana hilo nalo uliwahi kunifundisha. Ulinisubiri. Kwa muda wote ule niliokuwa naulizia chumvi ya pilau, ulikuwa umelala na misuko miwili unanisubiri, na mimi nilikuwa hatua saba kutoka kwako.

Nilipofuta macho ndipo nikaviona vidole. Vidole vinne vimeshika pindo la kanga kwa nje, vimekaza hasa. Nikamuuliza Bi Somoe kwa jicho. Akanong'ona, "Binti wa marehemu. Yuko hapo tangu tumeanza. Nimemwita mara mbili."

Nilikuwa nimeshazigawa nywele za msuko wa tatu. Nikaziacha. Nikaenda kwenye kanga, nikaivuta kidogo, nikamkuta msichana wa miaka ishirini hivi, ameshika na kikombe cha chai ambacho sidhani alijua amekishika. Akaanza kuniambia haraka haraka kwamba wageni hawajapata maji, kwamba wapishi wanamhitaji. Nikamwachia aseme. Nikamtoa kikombe mkononi.

"Wapishi watajijua," nikamwambia. "Mimi mama yangu nilimwacha nje ya kanga kama hii, na sijapata raha mpaka leo. Umebaki msuko mmoja. Ingia, mdogo wangu, umsuke wewe."

Alitikisa kichwa. Nikasema sitamvuta. Nikarudi nikakaa, nikazishika zile nywele mkononi, nikangoja, na Bi Somoe akangoja. Nje mtu akauliza kama tumemaliza, Bi Somoe akamjibu bado. Nilikuwa nimeanza kuhisi mkono unaniuma ndipo kanga ikafunguka.

Alipiga magoti pembeni yangu. Alisuka polepole, anafungua anarudia, na kuna mahali aliacha kusuka akaweka paji lake la uso kwenye bega la mama yake akakaa hivyo. Tukamwacha. Msuko wenyewe ulienda upande, juu umelegea, chini umekazwa kama kamba ya robota. Bi Somoe akanyoosha mkono autengeneze, mimi nikaushika mkono wake. Akanielewa. Tukamvalisha marehemu mtandio juu ya msuko ule ule, akaenda nao.

Sikuambii sasa nimetulia, maana nitakuwa muongo, na leo sitaki. Njiani kurudi nilikuwa na hasira na kila siku niliyoipiga chenga tangu uondoke. Ni nyingi, na hakuna wa kunirudishia hata moja. Ninayo hii ya leo. Kesho nikimimina chai nikaisikia ile "na kingine?" yako, nitakuwa na cha kujibu, na najua utaniuliza tena keshokutwa. Simu nimeigeuza, inatazama juu. Nimemwambia Bi Somoe anipigie mimi kwanza kabla ya wengine, akasema wengine wepi.

Nisamehe msuko wako, mama. Namuomba Mungu akulaze mahali pema, na siku yangu ikifika nikukute umekaa vile vile unachambua mchele, unitazame kichwani uone nani alinisuka.

Ni mimi,
Kitinda mimba wako