Nilitikisa Kichwa, Wakaandika Sitaki

Jengo la 14, Lango B,
Ghorofa ya tatu,
Vratsa.
27 Novemba 2022

Mpendwa Mama mdogo Rumyana,

Shikamoo. Nisamehe kwanza, ndipo uendelee kusoma. Barua yako ilifika Agosti, na sasa theluji ya kwanza imeshaanguka mlimani. Nilijiambia nitajibu pilipili zikishachomwa na kuingia mitungini. Halafu Asen akaanza kuota meno. Halafu likatokea jambo lililonikasirisha mpaka nikaogopa kuandika, maana ningekutumia matusi matupu. Hasira bado ipo, ila leo inakaa kwenye mstari.

Goti lako linaendeleaje? Bado unapanda ngazi zile zote na mifuko ya sokoni? Na Baba mdogo Detlef, ameizoea kabichi yetu ya chumvi au bado anafungua madirisha? Sisi wazima. Baba watoto, Plamen, yuko zamu ya mchana kiwandani. Asen ana miezi minane na jino moja, na jino hilo limetunyima usingizi kuliko mengine yote yatakayokuja. Neda ana miaka minne na hanyamazi.

Unajua vitabu vyangu vya nukta nundu ni vitatu tu, vile nilivyopewa shuleni baada ya kupoteza macho. Nukta zimelala kwa kupapaswa. Hadithi ya sungura imebaki nusu, nusu nyingine naitunga, na Neda ameshanikamata: “Mama, jana sungura alikuwa na kaka wawili. Leo mmoja kaenda wapi?”

Usiniambie kuna vitabu vya kusikiliza kwenye simu. Vipo, tumesikiliza. Neda akasema, “Huyu mtu hajui kama nimecheka. Anaendelea tu.” Tangu siku hiyo nataka kitu kimoja, Mama mdogo: nimsomee mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe, kabla hajajua kusoma na kuacha kunihitaji kwa hilo.

Kwa hiyo Septemba, kliniki ya macho ilipotuambia kuna mpango wa kugawa mashine za nukta nundu, nilikuwa wa kwanza kufika kwenye klabu yetu ya wasioona. Ni ubao mwembamba unaounganishwa na simu au kompyuta. Pini ndogo zinapanda na kushuka, na kitabu kizima kinapita chini ya vidole vyako mstari mmoja mmoja. Kampuni ya Wajerumani ilimleta bwana mmoja aitwaye Matthes kutuonyesha, kila mtu ajaribu na achague.

Walikuwa na mbili. Ndogo inatoa herufi kumi na nne kwa mara moja. Ni kama kutazama harusi kupitia tundu la ufunguo, hujafika kwenye kitenzi mstari umekwisha. Kubwa inatoa herufi arobaini, na ina vitufe mbele, chini ya dole gumba, kwa hiyo mkono hauondoki kwenye sentensi. Nilisoma ukurasa mzima bila kuvuta pumzi. Nilikuwa sijasoma ukurasa mpya tangu nilipoolewa.

Sasa sikiliza. Asen alilia njia nzima na hatimaye alikuwa amelala kifuani pangu. Mkalimani alikuwa ametoka kuvuta sigara. Bwana Matthes akaniuliza kwa Kibulgaria chake cha maneno ishirini, “Hii, unataka?” Vidole vyangu viko kwenye mashine, mtoto yuko chini ya kidevu changu, siwezi kupaza sauti. Nikatikisa kichwa huku na huku, ndiyo yetu ya siku zote. Wewe umekaa Ujerumani miaka kumi na minne, unajua wao wakitikisa hivyo wanasema nini. Akaandika: hataki.

Kisha Bi Venkova wa ofisi ya klabu akaniwekea rula chini ya kalamu, nisitoke nje ya mstari. “Saini hapa, mwanangu, ni ya mahudhurio tu.” Nikasaini. Hakunisomea hata neno moja.

Mashine ziligawiwa mwanzoni mwa Novemba. Yangu haikuja. Nilimfunga Asen kifuani, nikamshika Neda mkono, nikaenda ofisini.

“Wewe si ulikataa?” akasema Bi Venkova. “Saini yako hii hapa.”

“Nilisaini mahudhurio. Wewe mwenyewe uliniambia hivyo.”

“Jamani, nilikuwa na watu kumi na wanane siku ile! Na kusema kweli, Zornitsa, masikio yako si mazima? Siku hizi vitabu vinajisoma vyenyewe.”

Nilimsikia akivua miwani na kuiweka mezani. Nikamwambia, “Na wewe miwani hiyo ya nini? Kasikilize redio.”

Neda akacheka. Mimi sikucheka. Mtu anaona kusoma ni haki yake kama hewa, kisha anamwambia mwenzake kwamba yeye atosheke kusomewa!

Kilichonimaliza kabisa ni Mzee Tsanko wa lango la jirani. Alipoteza macho uzeeni kwa kisukari, hajui nukta hata moja, na siku ile alikwenda kwa ajili ya kahawa. Alipoulizwa kama anaitaka mashine, akainua kichwa na kukishusha, akakataa kwa adabu kama alivyolelewa. Wakaandika: anataka. Wakampelekea mpaka mlangoni! Mkewe akaifunika kitambaa cha lesi na kuweka chombo cha maua juu yake.

Aliposikia kisa changu alikuja nayo kwapani. “Chukua, binti yangu. Nimeipapasa nikadhani ni kitu cha kukunia jibini.”

Nikaichukua. Ilikuwa imewekwa Kijerumani, nikaigeuza iwe Kibulgaria. Maktaba yetu ya wasioona ilinipa neno la siri kwa simu siku ileile. Hao angalau ni watu. Kitabu cha kwanza walichonitumia kilikuwa picha za kurasa, na mashine haisomi picha, ikalala tambarare kama meza. Nikapiga simu tena, wakanipa kingine kilichoandikwa kwa herufi, cha dubu aliyekataa kulala majira ya baridi. Mchana ule, Asen akiwa amesinzia, nilimsomea Neda kurasa kumi na moja. Dubu alipoingiza kichwa kwenye mtungi akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Nikaacha kidole juu ya neno, nikamsubiri. Alipomaliza akaniambia, “Haya, endelea sasa.”

Siku ya tatu Bi Venkova akapiga simu. Mashine ina namba, namba ina jina, na jina si langu. Mzee Tsanko akikaguliwa akakutwa hana, ataulizwa yeye. Nikairudisha mwenyewe siku hiyohiyo. Sitamtia mzee wa watu matatani.

Lakini yangu ipo. Imefungiwa kabatini ofisini, na tarehe 20 Desemba zilizokataliwa zinapelekwa mkoa mwingine. Nilimuuliza kitu gani kitabadilisha karatasi yao. Karatasi nyingine, akasema, kutoka kwa aliyeandika ya kwanza, tena yenye muhuri. Nimemwandikia Bwana Matthes mara mbili, kompyuta yake inanijibu kwamba yuko safarini. Ofisi yao iko Hannover, si mbali na kwako. Nenda na Baba mdogo, kaeni mbele yake, msiondoke. Plamen anasema tukuombe ununue nyingine. Sitaki. Sitanunuliwa kitu ambacho ni changu tayari.

Msalimie Baba mdogo Detlef na binti yenu Magda. Mama anakusalimu, na mama mkwe anasema banitsa yako, ile pai ya maboga, hajaisahau. Mungu akulindie goti hilo na moyo ulio juu yake.

Ni mimi mtoto wa dada yako, ninayekupenda hata nikichelewa,
Zornitsa

Vya kutuma, vifike kabla ya tarehe 18 Desemba:

Dawa ya ufizi wa mtoto, ile ya bomba la kijani. Mbili.

Soksi nene za Neda, namba 27.

Kadi ya kumbukumbu, isizidi GB 32, kubwa zaidi mashine haiipokei.

Saa inayosema usitume tena, tunazo tatu na zinabishana.

Barua ya Bwana Matthes yenye jina lake, tarehe 20 Septemba, siku ile aliyoniuliza, saini, na muhuri wa mviringo. Najua huko hawana desturi ya mihuri. Hapa karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia samaki. Asijieleze sana. Aandike hivi tu: Nilimuuliza kama anaitaka mashine. Alisema ndiyo.