Kondensa ya Kwenye Kopo la Baba

Nangwa, Hanang
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na mama mpelekee shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma. Mimi ni mzima, ila bega la kulia linauma kwa sababu utakayoiona huko mbele. Goti lako linasemaje na baridi ya huko Nambis? Mmeshapanda, au bado mnaangalia mawingu kama sisi?

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu hunisikii, tunaishia kupigiana kelele tu, na meseji zako anakusomea Paskali. Hili sitaki mdogo wangu alisome kabla yako. Na usianzie mwisho, baba, najua tabia yako.

Kazi niliyofuata huku ni ya lile tingatinga la minyororo la Bwana Daqaro wa Gitting. Ni la zamani kuliko mimi, lile la aina unayoijua: injini kubwa ya dizeli haiwaki mpaka uwashe kwanza injini ndogo ya petroli iliyo pembeni, nayo ndiyo iizungushe ile kubwa. Ndogo ikigoma, umebaki na chuma. Tunachimba lambo la kunyweshea ng'ombe wa wafugaji wa huku chini, ambao kiangazi kizima wamekuwa wakiswaga mifugo siku nzima kutafuta maji. Alhamisi tuta lilikuwa limebakiza pengo moja tu upande wa chini. Mvua ingekuja pengo likiwa wazi, maji yangelibomoa tuta lote, na kazi ya miezi miwili ingekwenda na korongo.

Asubuhi hiyo injini ndogo ilinisumbua. Ulinifundisha kuisikiliza, nikaisikiliza: ilikuwa inashika na kuachia. Nilijua kabisa kuwa ni kondensa ya magneto imechoka, cheche haipati nguvu. Nikajiambia nikishaiwasha ile kubwa siizimi mpaka pengo lizibwe. Kwa nini sikuibadilisha hapo hapo nitakwambia, maana hapo ndipo penye kosa langu.

Mchana mawingu yakaushika mlima. Nilikuwa chini kabisa ndani ya shimo nasukuma udongo wa mwisho, ndipo akashuka Mzee Gidamis, mkubwa wa wenye ng'ombe hao, na shuka lake na fimbo yake. Akasimama mbele ya tingatinga akinitazama. Baba, ulinilea vipi? Nimsalimie mzee nikiwa nimekaa huko juu kitini, namfokea katikati ya moshi na kelele? Mkono ulifika kwenye wenzo wa kukata dizeli kabla akili haijafika. Nikazima. Nikashuka, nikavua kofia, nikasema shikamoo babu. Akaitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani, za wazazi, za mifugo yenu, nami nikajibu moja moja.

Alipomaliza nikaenda kwenye injini ndogo. Nikashika hendeli ulivyonifundisha, dole gumba upande mmoja na wenzake lisije likavunjwa, nikazungusha. Kimya. Nikazungusha mpaka bega likaniambia basi.

Bwana Daqaro akaja akikimbia. Yeye alishikilia kuwa petroli ina maji, akataka tufungue kabureta. Nilichomoa plagi nikamnusisha: imelowa petroli safi, kwa hiyo shida si mafuta. Nikaigusisha plagi kwenye bodi, nikamwomba azungushe. Cheche ilitoka nyembamba, ya njano, ikapotea. Nikaweka plagi mpya, ikawa vile vile. Nikafungua magneto: pointi zimeungua, upande mmoja una shimo na wa pili una kinundu, alama ya kondensa iliyokufa. Nikazisugua kwa msasa, nikazipima nafasi. Ikawaka kwa pumzi mbili, ikafa. Hapo tone la kwanza likanidondokea shingoni.

Bwana Daqaro akaanza kunisema. Alisema fundi gani anazima mashine shimoni, na kwamba alionywa asimpe kazi mwanamke. Niliogopa, baba, nisikufiche. Niliona kijito chembamba chekundu kinaingia shimoni kutoka juu, na vijana wa mzee wakikimbilia pengoni na viroba vya udongo.

Mzee Gidamis alikuwa bado amekaa kwenye tuta. Akaniita.

"Uliizima kwa sababu yangu?"

"Ndiyo, babu."

"Basi mimi siondoki hapa. Kama kuna kitu unacho, kitoe."

Sijui alijuaje. Labda alikuwa ameniona nikiutazama mfuko wangu mara kwa mara.

Baba, ndani ya mfuko ule mlikuwa na kopo lako. Ndiyo, lile kopo la kahawa lenye kifuniko cha bluu, ulilolitafuta mpaka juu ya dari, ukaamua Paskali ameliuza kwa wanunua vyuma. Nililichukua mimi usiku wa kuamkia safari. Nilijua ungekataa, kwa sababu kondensa iliyomo ni ya mwisho na umeiweka kwa ajili ya trekta lako. Niliapa sitaigusa, nitalirudisha kopo lilivyo, na wala usingejua. Ndiyo maana asubuhi sikuifunga. Nilikuwa naficha wizi wangu, na lambo la watu lilikaribia kuondoka kwa ajili hiyo.

Nikalifungua. Nilijikinga mvua kwa koti, nikafunga kondensa yako, skrubu ikanidondoka mara mbili kwenye tope. Nikazungusha hendeli. Mzunguko wa pili ikashika, ikanguruma, na baada ya dakika chache ile kubwa nayo ikaitika. Nililia juu ya kiti, hakuna aliyeona kwa sababu ya mvua. Maji yalikuwa yameshafunika nusu ya minyororo tulipoliziba pengo.

Jana nikiwa nasawazisha tuta, mzee alirudi. Alisimama mbali, akanyanyua fimbo, akanikataza kwa mkono nisizime. Akapita.

Sasa lambo lina maji, na kondensa yako iko ndani ya tingatinga la Bwana Daqaro, ambaye bado ana malambo mengine ya kuchimba. Ukisema irudi, nitaifungua siku hiyo hiyo, yeye aseme atakavyo. Kopo nimempa mwinjilisti wa huku anayekuja huko kwenu, pamoja na barua hii. Mengine yote uliyoyaweka yamo.

Nisalimie shangazi wa kule juu anayeniombea kila Jumapili, na babu mzaa mama, na mama mdogo mwambie shuka alilonipa linanifaa. Paskali usimpe salamu zangu kwa sasa. Mama aliniambia tangu kopo lipotee unamtengea chakula peke yake. Uamuzi wa kondensa unaweza kungoja, baba, lakini yeye asingoje. Ukifika hapa, ikunje barua, umwite mwanao mle pamoja leo.

Ni mimi mwanao niliyelichukua,
Veronika