Keki ya Theodora na Riwaya za Ianthe Bedeau

Mwaka umetimia, Mama Mkubwa Ianthe, tangu ulipotutoka hapa mtaani Flatbush, ughaibuni, kalamu ikiwa bado imechomekwa kwenye nywele.

Ulitoka kisiwani kwetu Carriacou na sanduku moja, ukahudumia wazee majumbani mwao, ukiandika nyuma ya karatasi za ratiba za ibada. Wachapishaji tisa walikataa kitabu chako cha kwanza. Wa kumi alipokubali, ulimwambia asubiri kidogo ufikirie. Umetuachia riwaya sita. Nishani uliyopewa kwa ile ya nne bado inazuia dirisha la jikoni lisijifunge.

Wazee wako uliwasomea kila sura. Aliyesinzia ulimfunika blanketi, kisha ukaenda kuifupisha.

Ila sisi ndugu hatukusalimika vitabuni mwako. Mjomba Cosnel ulimzamisha baharini mara mbili, naye akanunua nakala ishirini awagawie wenzake kanisani. Mama yetu Theodora, mdogo wako, hakucheka. Katika riwaya ya pili, mwanamke mwenye kofia yake na mwendo wake anaoka keki nyeusi ya Krismasi, ile ya matunda yaliyolowekwa kwenye ramu, mbwa anainusa, anaenda kuifukia uani. Watu wa kisiwani wote hapa Flatbush walimtambua. Mama akaacha kuoka. Kwa miaka kumi na miwili mliishi jengo moja, yeye ghorofa ya pili, wewe ya tatu, mkizungumza kupitia Mjomba.

"Cosnel, mpelekee dada yako supu. Mbwa wake akitaka, amgawie."

"Mwambie mdogo wangu ile ni riwaya."

"Na kofia yangu je, nayo riwaya?"

Supu uliimaliza kila mara. Ukaondoka hamjapatana.

Mswada wako wa saba tuliukuta kwenye bati la biskuti. Mama alikataa usifunguliwe. "Nikiikuta keki yangu humo tena, simsamehe mpaka kiyama." Mswada ukakaa juu ya friji yake mwaka mzima, naye akalipangusa lile bati vumbi kila Jumamosi.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya kukukumbuka, alituambia tusome. Katika sura ya mwisho, mwandishi mzee anashuka ngazi kwa mguu wake mbovu, anagonga kwa mdogo wake ili akiri kwamba keki ilikuwa tamu, na Krismasi ile alikula vipande vitatu. Mbwa alimbuni tu ili watu wacheke. Mwandiko unakatika kabla mlango haujafunguliwa.

Mama akaurudisha mswada ndani ya bati.

"Mwongo mpaka mwisho," akasema. "Vilikuwa vitano."

Kisha akamtuma Mjomba akanunue zabibu kavu na ramu za keki.

Tunakukumbuka kwa mapenzi: mdogo wako Theodora, kaka yako Cosnel, sisi wanao Merle na Alwyn, na wote uliowaua vitabuni. Siku zote u pamoja nasi.

Matunda yameshalowekwa. Krismasi tutakutengea sahani yako mezani, kama wanavyotengewa waliotangulia kule Carriacou, na hakuna atakayeigusa mpaka asubuhi. Itakuwa na vipande vitano. Mama amesema atavihesabu mwenyewe.