Alama Pembeni ya Saini

Itigi,
Jumapili, baada ya Misa.

Mdogo wangu mpenzi Calist,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini zinakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko inakuruhusu walau kunyoosha vidole. Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu, ukiacha majonzi. Mama ameanza kula, ila bado anatoa sahani ya Baba wakati wa kupakua, kisha anairudisha kabatini. Mvua zimekuwa haba na mtama umedumaa.

Siku ya mazishi uliniuliza kwenye simu, huku unalia, ulimkosea nini Baba hata akakaa kimya nawe tangu Krismasi. Nikasema nitakuandikia, maana nyumba ilijaa waombolezaji na jambo lenyewe si la kupaziwa sauti. Barua hii nimemkabidhi Sista Jesca anayekuja huko masomoni. Keti kwanza, uisome taratibu.

Unakumbuka ulipokuja likizo na lile gongo la kwanza, la mzee aliyekuwa akicheza mpira wa magongo kwenye barafu. Mama alidhani ni la kukorogea ugali wa harusi. Ukatueleza kwamba mwenyewe aliwika enzi zake, sasa amestaafu, na ameliandika jina lake kwa wino akakupa iwe kumbukumbu. Mimi nilikucheka, nikasema watu wanaenda ng'ambo kutafuta maisha, wewe umeenda kuokota kuni. Baba siku hiyo alikuwa porini kwenye mizinga yake ya nyuki. Aliporudi, Mama alidhani nimemweleza, nami nikadhani Mama amemweleza. Ukatuma la pili, ukatuma la tatu, ukatuma na jezi, vyote vina saini za wenyewe. Kila kitu Baba alikitazama kwa makini, akakifunga kwenye blanketi na kukipandisha darini.

Wewe ulipelekwa seminari ukiwa mdogo, mambo ya mizinga hukujifunza. Kwa Baba na wenzake, kila mrina asali huchonga alama yake kwenye gogo la mzinga. Ukiukuta porini, hata kama umeanguka, huugusi. Mtu akikupa mzinga wake, alama yake haifutwi, ila yako inachongwa pembeni, ili watu wajue umepewa. Na alama ya kwanza ya kijana huchongwa na baba yake. Mzinga wenye alama ya mwenzako peke yake ukikutwa kwako, wewe ni mwizi, na hakuna wa kukutetea.

Sasa Baba aliona vitu vina alama za watu, na pembeni yake hamna alama yako. Tena alijua kazi yako huko ni kuwaogesha na kuwalisha wazee wasiojiweza. Calist, Baba aliamini unawaibia wazee wako.

Hakumwambia mtu. Ukipiga simu, alikuwa anasingizia kwamba masikio hayasikii, au anakumbuka ghafla kwamba mbuzi hawajafungwa. Aliposhindwa kuamka kitandani ndipo alipomwomba Mama tutafute njia ya kuwarudishia wenyewe vitu vyao kabla hajafa. Mama alikuja kwangu akanieleza yote. Mimi nilipandwa na hasira, sikufichi. Niliingia chumbani kwa mgonjwa kama askari, nikamwonyesha ile picha uliyonitumia: wewe umeshika gongo, yule mzee kwenye kiti cha magurudumu analitia saini, nyote mnacheka. Baba akauliza kama yule mzee ametoa kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwambia ndiyo, na wengine vilevile. Akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Nilijuta kuingia na ukali ule.

Asubuhi aliomba kisu chake cha kuchongea mizinga. Tukamkalisha kwa mito, akaanza kukuchongea alama pembeni ya saini: mistari miwili inayokutana juu, na mwezi mdogo chini yake. Alisema aliichagua ulipozaliwa, akawa anakungojea utoke shule. Kwenye jezi alimwelekeza Mama aishone kwa uzi mwekundu. Huenda kwa wenzako wanaokusanya vitu hivi tumekuharibia. Kwa Baba, sasa ndiyo vimekuwa vyako.

Na lipo hili, ambalo limenifanya niandike na kuchana karatasi. Ile simu yangu uliyokuta imepigwa nawe uko kazini, haikuwa yangu. Ni Baba aliyeomba nikupigie. Ilipokosa kupokelewa, akasema tusikusumbue, uko na wazee wako, atasema nawe ukitoka. Ulipopiga jioni, tulikuwa tumeshamfumba macho.

Mama anakusalimu sana, na anasema usiache kusali. Sista Jesca atakupa jezi. Magongo mawili tunakutunzia, yana alama kamili. La tatu lina mistari tu, mwezi haukuwahi. Kisu Mama hajakifuta, kimelala juu yake vilevile. Njoo umalizie.

Ni mimi dada yako,
Winfrida